Pumzi Tatu za Mdhamini

1

Mwaka ule Dar es Salaam ilikuwa imeshaimeza Kibaha, imeshaimeza Chalinze, na inasemekana watu wa Morogoro walikuwa wanalala na viatu miguuni kwa kuogopa kuamka wakiwa watu wa Dar. Jiji lilikuwa kubwa kiasi kwamba mvua ikinyesha Bunju, mtu wa Mbagala aliipata kwenye simu kama habari za nchi jirani. Na ndani ya ukubwa wote huo hapakuwa na mtu aliyeweza kukohoa bila kusikiwa.

Masikio yalikuwa kila mahali. Wala hayakuwa mashine hasa, yalikuwa nyama. Mabingwa waliyakuza kwenye chupa kutokana na chembe za popo, yakanenepa hadi kufikia upana wa kiganja cha mtoto, manyoya laini kwa nje na mishipa myekundu kwa ndani. Kisha yakabandikwa juu ya nguzo za umeme, milangoni mwa misikiti na makanisa, sokoni, hata kwenye kibanda cha muuza chipsi. Asubuhi kijana wa mtaa alipita na ngazi akiyanywesha maji ya sukari. Sikio likishiba lilijikunja kidogo, kama mtu anayevuta shuka. Watoto watundu walikuwa wakiyatekenya kwa unyoya wa kuku, mtaa mzima unafungwa, halafu wanachapwa na mama zao, na mama zao wanatakiwa wachape kimyakimya.

Hakuna aliyewalazimisha watu kuyapokea. Waliyaomba wenyewe, wakaandamana kuyaomba, baada ya mabomu ya ile Jumatatu ya Stendi. Kila mwenye umri wa kukumbuka alikuwa na sentensi yake iliyoanza, "Siku ile mimi nilikuwa...," na wengi hawakuwahi kuimaliza. Tangu hapo watu walijifunza kukaa karibu na mlango, kununua nyanya bila kuchagua, na kumtazama mara mbili aliyevaa koti wakati wa joto.

Lakini Masikio yalikuwa na kasoro moja. Yalisikia neno, yalisikia moyo unavyodunda, yalisikia hata koo linavyokaza kabla mtu hajasema. Hayakumjua mtu. Na jiji lile lilikuwa halijui kuongea bila kuuana. Mama akimwambia mwanawe, "Ukivunja kikombe nakuua," mtaa unafungwa. Mashabiki wa mpira wakiahidiana kuchinjana Jumamosi, wilaya inafungwa. Mwezi wa kwanza Dar ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyofunguliwa.

Ndipo Idara ya Utulivu ilipoweka Wadhamini wa Maneno, mmoja kila mtaa, mtu anayewajua watu wake. Mdhamini alivaa pete. Sikio likinasa neno la kuua, pete ilitetemeka na kumnong'oneza ni nani amesema nini. Juu yake palikuwa na kito chenye pande mbili. Ukibonyeza upande laini, ni mzaha, dunia inaendelea. Ukibonyeza upande wenye mikwaruzo, ni kweli. Ulipewa pumzi tatu za kuamua. Zikipita, Sikio liliamua lenyewe, na Sikio halikuzaliwa na kicheko.

Kiapo kilikuwa kifupi: shingo kwa shingo. Ukisema ni mzaha, ikawa kweli, alikokwenda msemaji na wewe ulikwenda. Na hakuna aliyeruhusiwa kujidhamini mwenyewe.

Buguruni, mtaa wa nyuma ya soko, Mdhamini alikuwa Kondo Mwinshehe, fundi cherehani. Idara ilimteua kwa sababu ameshawapima viuno watu wote wa mtaa, na mtu akipimwa kiuno husema yote. Alikuwa mwembamba, mwoga wa ng'ombe na wa radi, na mwenye sifa ya kushona suruali zisizopasuka hata mvaaji akipasuka.

Pete yenyewe haikuwa na ujanja wa kumtambua mvaaji. Idara iliona hakuna mwenye akili timamu atakayevua shingo yake akampa mwingine. Mkewe Kondo, Havijawa, alishaivaa mara moja mumewe akiwa bafuni, majirani wawili walipotishiana maisha kwa ajili ya jogoo.

"Nimebonyeza laini," alimwambia mumewe alipotoka na taulo. "Wale hawana nguvu ya kumwua hata huyo jogoo."

"Na kama wangeuana?"

"Basi ningefungwa nikapumzika kukupikia."

2

Kila asubuhi pete ilitetemeka saa ya chai, na kila asubuhi Kondo aliibonyeza bila kuitazama, kama mtu anavyofukuza nzi. Ilikuwa ni Lugusha, muuza asali, anaingia mtaani.

Lugusha alikuwa Mnyamwezi wa Tabora na Kondo alikuwa Mzaramo wa hapohapo Pwani, na hao ni watani tangu enzi babu za Lugusha walipokuwa wakishusha mizigo ya misafara kwenye nyua za babu za Kondo. Mtani haombi ruhusa. Anakutukana mbele ya wakwe zako, anakomba mboga yako, na siku ya msiba wako ndiyo siku yake: atamwigiza marehemu anavyotembea, atazuia jeneza lisipite hadi apewe chochote, na wafiwa watajikuta wanacheka katikati ya kilio, hawajui wamefikaje huko.

"Mtumwa wangu!" Lugusha aliita kutoka kona. "Bado hujafa?"

"Nife nikuachie nani cherehani, mpagazi? Umeshafikisha mizigo ya watu?"

"Nimefikisha. Sasa nimekuja kukuchukua wewe nikakuuze Ujiji. Ila kwa mwili huo wa kula nazi, nitalazimika kumwongezea mnunuzi na mbuzi."

"Sogea hapa nikuchinje."

Pete. Kidole. Laini.

Havijawa alitoka na birika, polepole. Moyo wake ulikuwa umetanuka, na daktari alikuwa amemkataza ngazi, chumvi na hasira. Kucheka hakumkataza kwa kuwa daktari hakumjua Lugusha.

"Shemeji, chai hii."

"Shemeji wa nani? Wewe ni mke wangu. Huyu nimemwazima akae hapa kuzuia wezi." Akamimina asali kwenye kikombe chake hadi kijiko kikasimama. "Kunywa. Huyu asionje, ataota akili."

Havijawa akanywa, akapumua. "Lugusha, nikifa usije kwangu na ustaarabu. Sitaki pole. Nataka ulale barabarani, jeneza lishindwe kupita."

"Nitalala na godoro kabisa. Nitasema hapiti mtu, huyu ni mke wangu, na huyo mla nazi namlipua yeye na mtaa wake wote!"

Pete ikatetemeka. Kondo akabonyeza, akacheka hadi akajichoma sindano.

3

Kisha likatokea la Bi Mwazani.

Alikuwa Mdhamini wa mtaa wa pili, mama mwenye vitumbua vilivyowafanya watu wahamie Buguruni. Mpwa wake alikuwa kijana wa masihara. Siku moja alisema mbele ya ukumbi wa harusi, "Leo nawalipua wote," na Bi Mwazani, akigeuza vitumbua, akabonyeza laini kama kawaida. Safari hiyo hayakuwa masihara. Bi Mwazani alichukuliwa na kanga yake ya jikoni, unga bado mikononi. Hakupinga. Alisema tu, "Mbona jana alikuwa anacheka."

Baada ya hapo kidole cha Kondo kikawa kizito. Pete ikitetemeka alisimamisha cherehani. Alitoka hadi barazani kumtazama usoni aliyesema. Alianza kutumia pumzi ya pili, mara nyingine alichungulia ya tatu.

"Unamchungulia nani?" Havijawa alimuuliza. "Yule ni Chiku anamfokea mwanawe."

"Huwezi kujua."

"Wewe kazi yako ni kujua."

Alikuwa katika hali hiyo alipofariki Mzee Shomari.

Shomari alikuwa bingwa wa bao, na mwenzake wa bao maisha yote alikuwa Lugusha. Walichezea gengeni kila jioni wakituhumiana wizi wa kete. Siku ya mazishi ua ulijaa: wanawake ndani, wanaume kwenye mikeka, Sikio juu ya nguzo limetoka kushiba. Lugusha alikuja amevaa koti la marehemu alilolinyakua msumarini, kifua nje, akichechemea vilevile alivyochechemea Shomari. Kwa mkono mmoja alikumbatia kapu kubwa lililofunikwa kitambaa.

"Nani kaniambia mimi nimekufa?" akauliza kwa sauti ya Shomari. "Nimekwenda kuazima kete tu!"

Mjane akacheka akiwa ndani, kicheko kikageuka kilio, kikarudi kicheko. Watu wakashusha mabega. Tangu la Bi Mwazani hawakuwa wamecheka pamoja.

Jeneza likainuliwa. Likafika mlangoni mwa ua, na Lugusha akajitupa chini mbele yake, chali, kapu juu ya tumbo.

"Hapiti mtu! Wazaramo ninyi mmezoea kula vya watu. Huyu aliniibia kete na hajazirudisha. Nimeleta bomu langu kutoka Tabora, hili hapa, leo nawalipua wote muandamane na marehemu wenu!"

Akavuta kitambaa kidogo. Ndani palionekana kitu kikubwa chenye miiba miiba, kimezungushiwa nyaya nyekundu na za bluu.

Ua mzima ukaangua kicheko. Kondo naye alicheka. Alikuwa hatua chache kutoka hapo, mkono kwenye mpini wa jeneza, na hiyo ilikuwa pumzi yake ya kwanza.

"Lugusha, muuza asali," pete ikanong'ona. "Ametamka kulipua. Moyo unakwenda mbio. Koo limekaza. Amebeba kitu kizito. Mzaha au kweli?"

Moyo unakwenda mbio? Kondo akamtazama mtani wake. Macho ya Lugusha yalikuwa mekundu, na mdomo ulikuwa unacheka peke yake bila uso. Ni kilio, Kondo alijua. Mtu amempoteza mwenzake wa bao, analia kwa njia ya kwao. Alijua hivyo kama alivyojua kiuno cha Lugusha. Lakini nyaya zile zilikuwa nyaya za kweli. Na Bi Mwazani alijua pia. Hiyo ilikuwa ya pili.

Kidole kilikuwa juu ya kito, upande laini. Kilichohitajika ni uzito wa kidole tu. Kondo aliiona kanga ya Bi Mwazani ikipanda gari. Akajiambia kwamba habonyezi kweli, Mungu ni shahidi, hawezi kumfanyia hivyo Lugusha. Ila ngoja Sikio liamue. Likiamua lenyewe, haitakuwa juu ya shingo ya mtu.

Ya tatu ikatoka.

Povu likafoka kutoka mitaroni. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga ya jiji: povu jeupe, zito, lililopanda hadi kifuani na kuganda kama ugali wa jana, ili bomu likilipuka lisifike mbali. Lilishika watu, mikeka, masufuria ya wali. Lilishika jeneza likiwa limeinamia upande mmoja, sanda imechungulia, na halikuwepo la kufanya. Shomari, ambaye katika uhai wake hakuwahi kukaa sehemu moja isipokuwa kwenye bao, alibaki ananing'inia pale juu mbele ya watoto wake tangu adhuhuri hadi jua lilipoanza kupoa.

Lugusha, aliyekuwa amelala, aliwahi kuinuka kwa magoti tu, povu likamfikia kidevuni. Hakuwa anacheka tena. Aligeuza macho akamtafuta Kondo, akauona mkono wake, akakiona kidole kilichosimama juu ya kito.

"Mtani?" alisema.

Walinzi walikuja na helmeti zao, wakalikata povu kwa misumeno, wakalitoa kapu kwa koleo ndefu, wakalipasua.

Lilikuwa fenesi. Limeiva. Harufu yake tamu ikajaa ua mzima, ikaingia ndani kwa wanawake, na hakuna mtu aliyecheka.

"Fenesi," alisema mlinzi mmoja, kama anayeomba radhi.

Lakini walimchukua. Sikio likishaamua, mwenye kulitengua ni Mdhamini peke yake, aende Idarani, ale kiapo upya kwa ajili ya mtu huyo mmoja, kwa maisha yao yote. Awahi kabla mtu hajanyooshwa.

4

"Ulikuwa umesinzia?" Havijawa aliuliza.

"Nilishtuka."

"Ulishtuka na fenesi."

"Sikuwa najua ni fenesi!"

"Sikuulizi ulijua nini ndani ya kapu, Kondo. Nakuuliza ulimjua nani aliyelibeba."

Aliahidi kwenda kesho. Kesho cherehani ilikwama mkanda. Iliyofuata mvua ilinyesha, mvua ambayo mtu mwingine angeiita manyunyu. Iliyofuata alivaa shati safi, akafika hadi kituo, akakaa kwenye benchi akiuwazia mdomo wa Lugusha ulivyo: mtu anayetishia kuua kabla ya kusema shikamoo. Kumwekea shingo mtu kama huyo maisha yote! Akarudi nyumbani akasema gari lilijaa.

Havijawa hakugombana, kwa kuwa daktari alimkataza hasira. Alikunywa chai bila asali tu. Chupa ya Lugusha ilikuwa mezani, nusu, na hakuifungua. Kondo aliweza kuvumilia mengi, lakini hakuweza kuvumilia mlio wa kijiko kile kikikoroga maji matupu. Siku ya tano au ya sita akaondoka hata kabla ya kunawa uso.

Idara ya Utulivu ilikuwa na sakafu laini iliyomeza mlio wa viatu. Afisa aliyempokea alikuwa msichana mpole, jina lake Nyamizi.

"Nimekuja kumdhamini Lugusha, muuza asali," Kondo alisema kabla woga haujamkumbuka. "Shingo kwa shingo. Alikuwa kwenye utani."

"Najua, mzee. Mimi pia ni Mnyamwezi." Alimtazama kidogo. Ilikuwa nafasi ya kumwita mtumwa wake, Kondo aliingoja. Msichana akatazama juu, kwenye kona ya dari, ambako Sikio dogo lilikuwa limejikunja, akashusha macho. "Ungekuja juzi."

"Juzi mvua..."

"Ameshanyooshwa. Haiumi. Ni uzi mwembamba kuliko wa buibui, unazungushwa kwenye koo hapa. Neno la kutisha au la kutukana likianza kupanda, uzi unakaza, halitoki. Maneno mengine yote yanapita vizuri tu." Alisema kama mtu aliyerudia jambo hadi likapoteza ladha. "Tena wengi hushukuru. Wanaishi kwa amani."

"Mimi sikubonyeza kweli, binti yangu. Naapa. Hata kidogo."

"Hukubonyeza chochote, mzee," Nyamizi alisema taratibu. "Tumesikia. Ulivuta pumzi zote tatu."

Mlango wa upande ukafunguka. Lugusha alitoka amevaa shati la Idara lililopigwa pasi, amenyolewa ndevu. Alikuwa na umri mmoja na Kondo, labda amemzidi kwa mvua moja. Akasogea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bwana Kondo," alisema. "Habari za nyumbani?"

Kondo alikuwa amejiandaa kwa tusi. Angelipokea kwa magoti.

5

Lugusha aliendelea kuuza asali. Alipita saa ya chai, akabisha hodi, akaulizia afya ya Havijawa kwa kumwita mama. Mtaa ulisema amekuwa mtu mzima sasa. Pete haikutetemeka tena asubuhi, na Kondo alijikuta anaibonyeza hivyohivyo, laini, laini, wakati hakuna aliyesema kitu.

Havijawa alijitahidi. "Lugusha, mume wangu, hujaniambia leo huyu utamwuza wapi."

Lugusha alifungua kinywa. Koo likakaza, mishipa ikasimama, akakohoa hadi machozi yakatoka. Akajifuta. "Asali ya safari hii ni nzuri, mama," alisema. "Nyuki wamekula maua ya miombo."

Havijawa alimshika mkono, akaupapasa, akaingia ndani. Hakurudia tena kumchokoza. Masika yalipoanza moyo wake ulisimama, mchana, akichambua mchele, bila ngazi, bila chumvi na bila hasira.

Ua ukajaa tena. Watu walikaa mbalimbali kidogo, wakasema pole kwa sauti ya chini, wote wakiwa na macho nguzoni. Hakuna aliyeigiza mtu. Wasukuma walikuwapo, nao ni watani. Walikaa wameshika kofia. Lugusha alikuja na kapu lake tupu, akavua viatu, akakaa mwisho wa mkeka kama mgeni.

"Pole sana, Bwana Kondo. Mungu amlaze pema."

"Usinipe pole," Kondo alimwambia. "Alikukataza. Nitukane, mpagazi. Nitukane hata neno moja. Niite mwuaji kama hujui pa kuanzia."

Lugusha akajaribu. Kila mtu alimwona akijaribu. Kidevu kilitetemeka, shingo ikavimba pembeni, na kilichotoka kilikuwa mlio mdogo kama wa bawaba. Akainamisha uso.

Jeneza likainuliwa. Kondo alishika mpini wa mbele. Wakapita kwenye mikeka, wakafika mlangoni mwa ua, na hapo waliotangulia wakasimama.

Lugusha alikuwa amelala njiani. Chali, kapu tupu juu ya tumbo, mikono imetandazwa, amejaza mlango wote. Alikuwa ametandika na koti lake chini, kwa kuwa aliahidi godoro. Hakusema kitu. Aliangalia juu, mdomo wazi, akingoja maneno ambayo yasingekuja.

Sikio lilinyooka juu ya nguzo. Halikusikia neno, likabaki linasikiliza. Wabebaji hawakujua la kufanya. Mtani akilala husema anachotaka, mfiwa humpa, ndipo anainuka. Mtani anayelala kimya hakuwahi kuonekana. Mtu mmoja akanong'ona kwamba wamzunguke. Mwingine akasema wapite pale kwenye ukuta.

"Hapana," Kondo alisema.

Akauacha mpini kwa mwenzake, akapiga magoti mavumbini. Akavua pete. Ilikuwa imekaa kidoleni muda mrefu, ikakwama kwenye fundo, akaivuta hadi ngozi ikachubuka. Akaiweka kwenye kiganja cha Lugusha, akamfumba vidole.

Lugusha akamgeukia, macho yanauliza.

"Shingo yangu hiyo," Kondo alisema. "Ukitaka ifunge, ni haki yako."

Kisha akasimama juu yake. Alikuwa mwoga wa ng'ombe na wa radi, na sauti yake ilitoka ikiwa nyembamba, ikapasuka, ikajikusanya.

"Hapiti mtu! Huyu ni mke wangu mimi Lugusha, nilimwazimisha tu! Mla nazi aliyekaa naye alikuwa wa kuzuia wezi, na hata hao hakuwazuia! Nimekuja na bomu langu la Tabora, na leo namlipua yeye na Buguruni yake yote!"

Watu wakarudi nyuma. Mwanamke mmoja ndani akaita jina la Mungu. Mitaroni kitu kikaanza kuguguma. Moyo wa Kondo ulikuwa unakwenda mbio na koo lake lilikuwa limekaza, na Sikio lilisikia vyote viwili, na hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kuliambia ni kilio isipokuwa aliyelala pale chini. Mtu aliyemjua, na aliyekuwa na kila sababu ya kusita.

Pete ikatetemeka kiganjani mwa Lugusha.

Kondo akaanza kuvuta pumzi ya kwanza. Haikufika kifuani. Kidole gumba cha Lugusha kilikuwa kimeshashuka, upande laini, kabla hata pete haijamaliza kutaja jina, kama mtu anavyofukuza nzi.

Mitaro ikanyamaza. Sikio likajikunja. Kutoka ndani, kwa wanawake, mtu mmoja akaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio. Lugusha akainuka, akajipangusa vumbi, akashika mpini wa jeneza upande wa pili, na Havijawa akapita.

Kondo alibaki amesimama mlangoni, na ile nusu ya pumzi bado imekwama kooni. Nusu hiyo ilimtosha Lugusha. Na yeye siku ya Shomari alipewa tatu.